Cheni mpya inayoruka: uchambuzi wa kisa cha baiskeli ya milimani Lushoto

Malalamiko yalikuwa haya: cheni mpya, direla mpya (kifaa kinachohamisha cheni kutoka gia moja hadi nyingine), lakini gia zinaruka kuliko zilivyokuwa na vifaa vya zamani. Mwenye baiskeli ni kijana anayeongoza wageni kwa baiskeli katika milima ya Usambara Magharibi, kuanzia Soni na Lushoto hadi vijiji vya juu kuelekea Mtae. Fedha alizozipata msimu uliopita zilikuwa zimeishia kwenye spea, na kila spea iliyofungwa iliongeza tatizo.

Nakiandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu makosa yaliyomo nayaona yakirudiwa kila mahali, kuanzia Moshi hadi Tanga, na mengi yangeonekana mapema kwa futi ya seremala, macho, na subira ya kupima kabla ya kwenda dukani.

Baiskeli yenyewe ni mtumba wa Ulaya. Fremu ni ya alumini, rimu ni za nchi 26, shokapu iko mbele tu, na breki ni za diski zinazovutwa kwa waya. Mbele ina sproketi tatu, yaani magurudumu ya meno yanayoshika cheni, za meno 22, 32 na 44. Nyuma ina kaseti, yaani fungu la sproketi za nyuma, ya Shimano ya gia tisa: 11, 13, 15, 17, 20, 23, 26, 30 na 34. Hizo namba zishike, maana kisa chote kimejificha ndani yake.

Mambo yalivyofuatana

Mwanzo ulikuwa kuanguka. Baiskeli ililalia upande wa kulia kwenye njia ya mawe, upande wa cheni. Haikuvunjika kitu, akaendelea na safari. Tangu siku hiyo, kila alipoweka gia kubwa ya nyuma, ile ya kupandia mlima mkali, alisikia direla ikigusa spoku. Akaogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa: direla ikinaswa na spoku wakati gurudumu linazunguka, unapoteza direla, spoku kadhaa, na pengine ngozi ya magoti. Basi akaiacha gia hiyo. Ikapita masika na kiangazi akipanda kwa sproketi za katikati tu.

Direla ya mbele nayo ilikuwa imeganda. Udongo mwekundu wa Usambara ukilowa unanata, ukikauka unakuwa kama tofali, na waya wa direla ya mbele haukuwa na nguvu ya kuivunja ile saruji. Cheni ikabaki kwenye sproketi ya 32 mwaka mzima. Hakulijali sana hilo kwa sababu baiskeli ilikuwa inakwenda.

Kisha cheni ikaanza kuruka. Fundi wa kwanza akasema cheni imekwisha, na alisema kweli. Akaweka cheni mpya, akaacha kaseti ileile. Ikaruka zaidi. Fundi wa pili akatazama nyuma, akaona direla imekaa upande, akasema direla ndiyo mbovu. Akamuuzia direla ya gia kumi, nzuri, yenye jina kubwa kuliko ile ya zamani, na ndipo mambo yakaharibika kabisa. Mtu wa tatu, huyu hakuwa fundi, akamshauri auze vyote na ahamie mfumo wa sproketi moja mbele na gia 12 nyuma, kwa sababu "hiyo yako haina gia ya mlima".

Alipofika kwangu swali lake la kwanza baada ya salamu lilikuwa: "Fundi, nianze kukusanya hela ya gia 12?"

Nikamwambia tupime kwanza.

Cheni

Nilianza na cheni mpya, ili nijue kama bado ni mpya kweli. Cheni ya baiskeli, iwe ya gia sita au 12, ina nafasi ya nusu nchi kati ya pini na pini. Kwa hiyo pingili 24 ni nchi 12 kamili. Unaweka mwanzo wa futi katikati ya pini moja, unaivuta cheni ikaze, unatazama pini ya 24 toka hapo imeangukia wapi. Ikiangukia kwenye 12 barabara, cheni ni nzima. Ikifika 12 na sehemu moja ya kumi na sita, imeliwa kwa nusu asilimia, na ni wakati wa kutafuta nyingine. Ikifika 12 na sehemu moja ya nane, imepita asilimia moja, na hapo mara nyingi imeshaila kaseti pia.

Watu husema cheni "imevutika". Chuma cha pembeni hakijavutika hata kidogo. Kinacholika ni pini na tundu inamozungukia, ndani kabisa, mahali usipoona. Kila pingili ikipata ulegevu mdogo, ulegevu huo unajumlika, na cheni nzima inakuwa ndefu. Na kinachokula huko ndani ni vumbi lililochanganyika na mafuta mazito: msasa wa majimaji unaosaga kila unapopiga pedali.

Cheni ya kijana huyu ilisoma 12 kamili. Ilikuwa nzima, na ilikuwa ya gia tisa, kama inavyotakiwa. Fundi wa kwanza alinunua kitu sahihi, akaishia njiani.

Kaseti

Tukaipanda baiskeli pale nje, kwenye mwinuko, nikimwomba abane breki ya nyuma kidogo huku akikanyaga, ili cheni ivutwe kwa nguvu. Kwenye 30 na 34, nilizozifikia kwa kuisukuma direla kwa mkono, cheni haikuruka hata mara moja. Kwenye 11 na 13 haikuruka. Kwenye 17, 20 na 23 iliruka kila mzunguko.

Hiyo ndiyo dalili ninayoiamini kuliko zote. Cheni yenye kasoro huruka kwenye sproketi zote. Pingili moja iliyokaza huruka kila baada ya mizunguko ileile, popote ulipo. Lakini kuruka kwenye sproketi mbili tatu tu, tena zile zinazotumika sana, maana yake sproketi hizo zimelika. Ukizitazama kwa karibu, meno ya 20 yalikuwa yamelala upande mmoja, ubavu mmoja umechimbika, ncha zimechongoka. Cheni ya zamani, iliyorefuka, ilikuwa imezoeana na meno hayo kwa sababu vililika pamoja. Cheni mpya, yenye nusu nchi yake kamili, haikupata pa kukaa: rola, kile kigurudumu kidogo kinachozunguka kila pini, inapanda ubavu wa jino uliolika na kutoka.

Ndiyo maana cheni mpya iliruka kuliko ya zamani. Mwenye baiskeli aliona kama ametapeliwa, kumbe cheni mpya ndiyo iliyosema ukweli kuhusu kaseti. Sproketi ya 32 ya mbele nayo ilikuwa imeanza kuchongoka, maana ndiyo pekee iliyofanya kazi mwaka mzima. Ile ya 22 ilikuwa kama imetoka kiwandani.

Direla ya gia kumi

Hapa ndipo fedha nyingi zilipotea, na ndipo maduka mengi yanapokosea kwa nia njema kabisa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Swichi ya gia kwenye usukani huvuta waya kwa hatua. Kila mlio mmoja wa swichi ya Shimano ya gia tisa huvuta takriban milimita 2.5 za waya. Direla hupokea mvuto huo na kuukuza. Direla za kawaida za Shimano za gia 7, 8 na 9 hukuza kwa takriban mara 1.7, kwa hiyo mlio mmoja huisogeza cheni kama milimita 4.3, ambao ndio umbali kati ya sproketi na sproketi kwenye kaseti ya gia tisa. Hesabu inafunga.

Shimano ilipoleta gia 10 za milimani mwaka 2010, ilibadilisha uwiano huo. Direla hizo hukuza kwa takriban mara 1.2 tu, na swichi zake huvuta waya mwingi zaidi kwa kila mlio. Mfumo huo ukiwa na swichi yake hufanya kazi vizuri. Lakini uifunge direla hiyo kwenye swichi ya gia tisa: milimita 2.5 mara 1.2 ni milimita 3. Kila mlio unakosa zaidi ya milimita moja. Baada ya milio mitatu umepungukiwa karibu sproketi nzima. Baada ya milio yote minane, cheni imesogea milimita 24, wakati safari ya kutoka 11 hadi 34 inahitaji karibu 35.

Yaani direla hiyo haiwezi kufika juu, kwenye sproketi kubwa. Ukiipanga ikae sawa chini, kwenye ndogo, inaishia kwenye 23, au inaparuza 26 bila kupanda. Ukiipanga ikae juu, chini inapotea. Fundi aliikaza na kuilegeza skrubu ya waya mpaka ikalika, na asingefaulu hata angekaa mwezi. Kwa macho, direla ya gia tisa na ya gia kumi ni ndugu pacha, bolti ni ileile, inafunga bila shida. Hakuna kinachokuonya mpaka uanze kubadilisha gia.

Sasa unganisha. Mbele cheni imekwama kwenye 32. Nyuma haipandi zaidi ya 23. Kwa tairi la 26 kwa 2.1, ambalo mzunguko wake ni karibu mita 2.07, kila mzunguko wa pedali ulikuwa unampeleka karibu mita 2.9. Kwa 22 mbele na 34 nyuma, angekwenda mita 1.3. Alikuwa anapanda milima ya Lushoto kwa gia nzito zaidi ya mara mbili ya ile aliyokuwa nayo kwenye baiskeli yake mwenyewe. Halafu, kwa mlima uleule, ukitumia sproketi ya meno 23 badala ya 34, cheni inavutwa kwa nguvu ya karibu mara moja na nusu ya ile ya 34, na meno ya kuipokea ni machache. Mvuto wote huo ulikuwa unaangukia kwenye sproketi zilezile zilizokwisha. Ingewezaje kutoruka?

Kilichokuwa kimepinda

Nikamwuliza direla ya zamani iko wapi. Akaitoa kwenye mfuko, nashukuru hakuitupa. Maungio yake yalikuwa imara, springi inavuta, vigurudumu viwili tu ndivyo vilivyokuwa vimechongoka meno. Haikuwa mbovu. Kilichopinda ni kisikio, kile kipande kidogo cha alumini kinachoishika direla kwenye fremu. Kimetengenezwa kiwe laini makusudi, kipinde chenyewe ili fremu isalimike. Kwa macho kilionekana kimeingia ndani kidogo tu. Lakini direla inaning'inia mbali chini yake, na kosa dogo pale juu linakuwa kubwa kule chini.

Kuna kifaa maalumu cha kunyooshea kisikio, na fundi wa gia awe nacho. Asiye nacho ana njia nyingine: tundu la kisikio lina uzi wa skrubu wa milimita 10, wenye nafasi ya milimita moja kati ya mkunjo na mkunjo, sawa na ekseli nyingi za nyuma. Unachukua gurudumu jingine la nyuma lenye ekseli hiyo, unaifunga ekseli kwenye kisikio direla ikiwa imetolewa, na magurudumu mawili yanakaa sambamba, ubavu kwa ubavu. Unapima nafasi kati ya rimu na rimu juu, chini, mbele na nyuma. Ikiwa ni sawa pande zote, kisikio kimenyooka. Kwa baiskeli hii, nafasi ya chini ilikuwa finyu waziwazi kuliko ya juu. Tukalitumia gurudumu lilelile kama mkono wa kuvutia, polepole, mpaka pande zote nne zikalingana.

Alumini haipendi kupindwa na kunyooshwa mara nyingi. Kisikio kilichonyooshwa mara moja kitafanya kazi, cha mara ya tatu kitakatikia porini. Tena fremu nyingi zina umbo lao la kisikio, mara nyingi huwezi kuazima cha jirani. Nilimwambia aagize cha akiba kabla ya kitu kingine chochote, akibebe kwenye mkoba wa safari pamoja na pingili ya kufungulia cheni.

Tulichobadilisha na tulichoacha

Tulinunua kaseti ya gia tisa, 11 hadi 34, ya daraja la kawaida. Za bei ya juu huwa nyepesi, lakini chuma cha kawaida hudumu vizuri, na uzito wa gramu mia moja hauna maana kwa mtu anayebeba maji na vifaa vya wageni. Tulibadilisha sproketi ya 32 ya mbele na vigurudumu vya direla. Cheni ilibaki. Direla ya zamani ilirudi. Direla ya mbele ililainishwa ikaoshwa ikapewa waya mpya.

Tulibadilisha pia kava za waya wa gia, na hili wengi hulidharau. Kava ya breki imetengenezwa kwa waya uliosokotwa kama springi. Kava ya gia ina nyaya nyembamba zilizonyooka kwa urefu. Kwenye baiskeli hii kipande cha nyuma kilikuwa cha breki, na kava ya namna hiyo hubonyea kila usukani unapogeuka, kwa hiyo gia zinahama zenyewe. Kinyume chake ni hatari kweli: kava ya gia ikiwekwa kwenye breki inaweza kupasuka siku unapobana kwa nguvu zote. Usikubali kabisa fundi akufungie hivyo, hata kama ndiyo kava pekee iliyobaki dukani.

Ushauri wa gia 12 tuliukataa kwa hesabu. Sproketi ya 32 mbele na ya 51 nyuma, kwa tairi lake, ingempeleka mita 1.3 kwa mzunguko, karibu sawa na ile 22 kwa 34 aliyokuwa nayo tangu siku ya kwanza. Angenunua swichi, direla, kaseti, cheni na sproketi, na kwa kuwa kaseti nyingi za gia 12 huanzia meno 10, isingekaa kwenye habu yake (kitovu cha gurudumu), angehitaji habu nyingine pia. Mfumo huo una raha zake: swichi moja, hakuna direla ya mbele ya kuganda. Kwa anayenunua baiskeli mpya dukani, ningemwambia auchukue. Kwa mtu wa Lushoto mwenye baiskeli nzima ya gia tisa, ambaye cheni ya gia tisa anaipata Arusha au Dar kwa bei ndogo, ni kutupa fedha.

Kuhusu breki nitasema machache. Alishauriwa ahamie breki za mafuta, zinazosukumwa kwa mafuta badala ya waya. Zinabana vizuri kwa kidole kimoja, sikatai, na mteremko wa kutoka Lushoto hadi Mombo, takriban kilomita 33 na karibu mita elfu moja za kushuka, unazidai breki nzuri. Lakini breki za Shimano, Tektro na Magura hutumia mafuta ya madini, na kinachopatikana kwenye kila duka la spea za magari ni DOT, mafuta ya breki za magari. Ukiweka DOT kwenye breki ya mafuta ya madini, mpira wa ndani unavimba na breki inakufa. Waya ukikatika, duka la spea za baiskeli lipo. Tulibaki na waya, tukaweka pedi za chuma, ambazo hustahimili matope na joto kuliko za rezini, baada ya kuhakikisha diski yake haikuandikwa kwamba ni ya rezini pekee. Zile za zamani zilikuwa zimebaki unene wa chini ya nusu milimita.

Utunzaji tuliokubaliana

Alikuwa anapaka cheni oili chafu ya injini. Wengi tunaikuta hivyo tangu utotoni kwenye baiskeli za mizigo, na kwa baiskeli yenye gia ndiyo chanzo kikubwa cha kaseti kufa mapema. Oili hiyo imeshabeba vipande vya chuma vya injini, ni nzito, na inakaa nje ya cheni ikikamata kila chembe ya vumbi la barabara ya Irente.

Sasa anafanya hivi. Baada ya safari ya matope, anaifungua cheni kwa pingili yake, anaiosha kwa mafuta ya taa kwenye kopo, anaiacha ikauke kabisa. Kaseti anaisugua kwa mswaki mkavu au ulioloweshwa kidogo, bila kuimwagia mafuta ya taa, kwa sababu yakiingia kwenye habu yanaondoa grisi ya beringi. Kisha anaweka tone moja kwenye kila rola, kwa upande wa ndani wa cheni, anazungusha pedali nyuma, anasubiri, halafu anafuta nje yote mpaka kitambaa kitoke karibu kikavu. Mafuta ya cheni ya dukani yakikosekana, ya cherehani yanafaa kiangazi. Ni mepesi, huisha haraka, kwa hiyo yanadai kupakwa mara kwa mara. Masika, Machi hadi Mei, yanaoshwa na mvua ya kwanza, na hapo anahitaji mafuta mazito kidogo, ila masafi. Kabla ya kupaka anafunika diski kwa mfuko wa nailoni, maana tone moja likifika kwenye pedi, breki inapiga kelele na haishiki tena.

Kila mwisho wa mwezi anapima pingili 24. Cheni ikifika 12 na moja ya kumi na sita anaanza kutafuta nyingine, ikivuka hapo inatoka. Akifanya hivyo kwa uaminifu, kaseti hii itazika cheni mbili, pengine tatu, na bei ya cheni ni sehemu ndogo ya bei ya kaseti.

Direla ya gia kumi ameiweka. Ni kifaa kizuri, na kuna mwenzake Soni mwenye swichi ya gia kumi na direla iliyovunjika. Wanajadiliana bei.